Kamba Aliyompimia Mama

Magari yalikuwa mawili, meupe yote, yamesimama ubavu kwa ubavu kwenye uwanja wa kokoto pembeni mwa mji wa Mbinga. Yalitoka Ngaka. Mkandarasi mmoja aliyekuwa akisomba makaa ya mawe alikuwa amemaliza mkataba wake, akayaacha kwa dalali ayauze. Yalikuwa yameoshwa vizuri, lakini ukipitisha kidole kwenye mfereji wa mlango kilitoka cheusi. Moja lilikuwa pikapu ya milango miwili. Jingine lilikuwa lile ambalo watu wetu huliita shangingi: refu, limefunikwa kote, vioo vya giza, gari la kubebea wakubwa.

"Mzee, hawa ni mapacha," dalali alimwambia baba. "Injini moja, chesisi moja, wote wanavuta kwa magurudumu manne. Tofauti ni mgongo tu. Huyu kaacha mgongo wazi, huyu kavaa koti."

Baba hakucheka. Baba alikuwa na kamba mfukoni.

Niliiona ikichungulia kwenye koti lake, kamba ya katani kama ile ya kufungia midomo ya magunia, ina fundo upande huu na fundo upande ule. Sikumuuliza. Mkulima wa kahawa hatembei bila kamba, kama seremala asivyotembea bila penseli sikioni. Nilidhani amekuja kupima nafasi ya magunia.

Mama alikuwa mtu wa ziwani, wa Chiwanda, kule kusini karibu na mpaka wa Msumbiji, ambako nyumba zinaangalia maji na mihogo inaota kwenye mchanga. Baba ni Mmatengo wa milimani. Ujanani alikuwa utingo wa lori la ushirika lililoshusha mahindi Mbamba Bay na kupandisha samaki wakavu, na huko ndiko alikomwona mama, msichana aliyemzidi urefu kwa kichwa kizima. Baada ya mahari na mazungumzo ya makanisa mawili, maana kwao mama ni Waanglikana na kwetu ni Wakatoliki mpaka kuku wa uani, alimpandisha Mbinga kwa lori lile lile, bibi harusi amekaa juu ya magunia ya usipa, dagaa wa ziwa lao. Mama alisimulia kwamba alinuka usipa siku tatu, na kwamba siku ya kwanza mama mkwe alimwekea ndoo mbili za kuoga badala ya moja, bila kusema neno.

Njiani ipo kona moja ambako ziwa huonekana kwa mara ya mwisho kabla milima haijalificha. Pale mama alilia. Baba hakujua kubembeleza. Alimwambia, "Usilie. Siku moja nitakurudisha kwenu kwa gari langu mwenyewe."

Ahadi hiyo ikawa utani wa nyumba yetu. Kila mama alipokwenda kwao kwa basi, kwenye matope ya zamani na kwenye lami ya siku hizi, baba alimsindikiza stendi. Mama alipiga ubavu wa basi kwa kiganja na kuuliza, "Mmatengo, hili ndilo lako?"

"Langu linakuja, Mnyasa," baba alijibu. "Liko njiani."

Lilikuwa njiani miaka thelathini na kitu. Lilipitwa na ada zetu za shule, likapitwa na paa la bati, likapitwa na mwaka ule mibuni iliponyauka.

Kisha ugonjwa ukamwingia mama kwenye mifupa ya mgongo. Hospitali ilifanya ilichoweza, na mwishowe daktari akatuita pembeni, akatuambia kwa sauti ya chini tumrudishe nyumbani na tumpe anachopenda. Kukaa hakuweza tena. Aliweza kulala chali tu, amenyooka. Ukimkunja magoti, hata kidogo, maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Nilirudi kutoka Dar es Salaam nikae naye. Nilipomuuliza anapenda nini nilidhani atataja chakula. Alisema anataka kwenda kwao. Alitaka kulala mahali anaposikia maji, na kumshika mkono dada yake mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yamezimika na hakuweza tena kupanda milima.

Gari la kukodi lingepatikana siku ile ile. Nilimwambia baba hivyo, naye akanitazama kama mtu aliyeambiwa akodi mke.

"Nilimwahidi langu," alisema.

Kwa hiyo tulikuwa pale uwanjani, baba na mimi, na fedha ya kahawa ya msimu mzima pamoja na akiba yangu, vyote vikitosha gari moja.

Baba alitaka pikapu. Aliitaka tangu hajanizaa. Nimekua nikimsikia akiipakia kwa maneno jioni tukiwa jikoni: magunia ya kahawa yatakaa hivi, mbolea huku, mikungu ya ndizi juu, na Jumapili kwaya nzima itapanda na ngoma zake. Mimi nilitaka shangingi, na sababu zangu nilizipanga kama mwanafunzi anayejibu mtihani. Jua. Vumbi la huko chini baada ya lami kuisha. Mvua ikitukuta mlimani. Sababu kubwa kuliko zote sikuitaja. Kwetu, anayelazwa nyuma ya pikapu akapita barabarani amenyooka chali ni mtu aliyekwisha kufa. Ndivyo tunavyorudisha watu wetu kutoka hospitali: jeneza katikati, ndugu pembeni, na wapita njia wanasimama na kuvua kofia mpaka gari lipite. Sikutaka mama avuliwe kofia akiwa hai.

"Dada anasema kweli kwenye jambo moja," dalali aliingilia, maana alishaona nani kati yetu ana kauli. "Pikapu ikiwa tupu inaruka kama mbuzi. Springi zake zinataka mzigo. Ipakie magunia ndipo itulie. Hili lingine, mzee, unaweza kunywa chai ndani linatembea, na tone lisimwagike."

"Basi tutaweka magunia ya mahindi chini," baba alisema. "Manne au matano. Juu godoro. Itatulia."

"Baba, mama si mzigo."

"Sijasema ni mzigo."

"Umesema utamlaza juu ya magunia."

"Nilimleta juu ya magunia," alisema taratibu, "na hakuanguka."

Dalali alicheka peke yake, kisha akaacha.

Baba alitoa kamba. Alipanda kwenye bodi la pikapu kwa shida, goti moja kwanza, akaweka fundo la kwanza kwenye ukuta wa mbele na kuinyoosha kamba mpaka nyuma. Ilitosha, na nafasi ikabaki. Akashuka. Tukamfungulia shangingi, dalali akalaza viti vya nyuma, baba akaingia na kamba yake. Aliweka fundo la kwanza nyuma ya kiti cha dereva na kuivuta mpaka mlango wa nyuma uliofungwa. Kamba ilizidi. Fundo la pili lilipanda juu ya kioo, kiasi cha shibiri. Akairudisha, akaivuta upya kwa mshazari. Bado ilizidi.

"Haimtoshi," alisema.

Hakusema haitoshi. Nilisikia silabi ile moja kama mlango unaofungwa nyuma yangu.

"Baba, hiyo kamba ni ya nini?"

Aliliminya fundo la pili kwa kidole gumba.

"Umempima mama?"

"Alikuwa amelala," alisema. "Hakujua."

Dalali alikuwa mtu wa maneno mengi, lakini pale alitazama chini, akaenda kufuta taa ya gari ambayo ilikuwa safi. Hata yeye alijua. Kwetu mtu hupimwa kwa kamba mara moja tu, na anayetumwa kumpima hubeba kamba ile moja kwa moja mpaka kwa fundi wa majeneza. Kumpima mtu anayepumua ni kumwita mauti aje aone kama nguo inamkaa. Ni uchuro. Mimi niliyekuwa nikijidai mtu wa vitabu, niliyeishi mjini na kucheka mambo ya namna hiyo, mwili ulinisisimka pale kwenye kokoto, juani.

Nilimwambia baba maneno ambayo sitayarudia yote. La mwisho lilikuwa hili: "Umemchimbia."

Alikunja kamba polepole, akaizungusha vidoleni kama anavyokunja rozari, akaitia mfukoni. Mtu yule aliyewahi kubishana na mabwana shamba mpaka wakasahau walichokuja kufanya, siku ile hakubishana.

"Haya," alisema. "Chagua wewe."

Nikachagua shangingi. Nilijiambia ni kwa ajili ya jua na vumbi. Lakini ukweli ni kwamba niliikataa pikapu kwa sababu kamba ilitosha. Nililichagua gari lile lingine kwa sababu halikumtosha mama, kana kwamba mauti ni mteja ambaye akikuta nguo fupi hurudi zake.

Mama tulimwambia nyumbani, akiwa kitandani.

"Shangingi?" alisema. "Mimi? Chiwanda watadhani mkuu wa wilaya anakuja kukagua usipa. Watafagia njia."

"Wafagie," baba alisema.

"Na pikapu yako, Mmatengo? Mbona umeiacha?"

Baba alinitazama mara moja, kisha akatazama dirisha. "Inaruka kama mbuzi," alisema.

Mama alimtazama kwa muda mrefu kuliko jibu lile lilivyostahili, kisha akasema vema, basi tufue ile kanga yake ya njano.

Tuliondoka asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye mashamba. Tulimwingiza pamoja na godoro lake, kichwa kikiwa mbele nyuma ya kiti cha dereva, miguu nyuma. Tulipofunga mlango ikabidi magoti yainuke. Nilikuwa nimeandaa mito miwili ya kuweka chini yake, nimeipanga na kuipanga tena tangu jana yake. Nilimuuliza kama yuko sawa. Alisema ni gari zuri sana, linanukia duka.

Na lilikuwa zuri. Lami ilishuka ikizunguka milima, vilima vya kahawa vikapita, kisha miteremko ya mahindi yenye mashimo ya ngolo, yale mashimo ya mraba wanayochimba Wamatengo ili mvua isibebe udongo, na ambayo mama, mtu wa mchanga, alijifunza kuyachimba mpaka akawafundisha wenyeji. Ndani hapakuwa na vumbi wala kelele. Nilikaa sakafuni kando yake. Hakulalamika. Ila kila kona gari lilipoinama nilimwona akikaza taya, na juu ya mdomo wake wa juu jasho lilitokeza kama umande, katika ubaridi ule wa kiyoyozi niliokuwa nimeusifu. Aliniuliza ni saa ngapi. Baada ya muda mfupi akaniuliza tena. Mara ya tatu nilielewa kwamba hakuwa anauliza saa.

Nilimwambia baba asimame. Alisema, "Bado kidogo, iko mbele hapo." Nilidhani hajanisikia vizuri. Kumbe alikuwa anaitafuta kona ile.

Tulipofika akaegesha pembeni. Chini yetu, mbali, ziwa lilikuwa limelala, buluu iliyopauka, na ng'ambo milima ya Malawi ikiwa kama kivuli cha milima yetu. Baba alizima injini.

"Mnyasa," aliita bila kugeuka, "ziwa lako lile."

Mama alikuwa amelala chali, magoti juu, macho wazi.

"Mimi naona kitambaa cha dari," alisema. "Kisafi."

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Kwani kamba haikutosha?"

Baba alishuka garini. Nilimsikia akizunguka, miguu yake ikiparuza changarawe, akafungua mlango wa nyuma. Mlango ule ulifunguka kwa vipande viwili: nusu ya kioo ilipanda juu, na nusu ya chini ilibaki imesimama mpaka uilaze. Alisimama nyuma ya ile nusu ya chini, mikono yake juu yake, kama mtu aliyefika dirishani kwa karani.

"Ulikuwa macho," alisema.

"Nilikuwa macho. Nani analala, anatambaliwa na kamba kama mchwa?"

"Ungesema."

"Ningesema ungeacha. Na ulikuwa unapima vibaya. Kamba ilipinda kwenye kiuno, nikasogeza kisigino ili inyooke. Hukuona?" Alimeza mate. "Hata shamba hujui kupima, Mmatengo. Ndiyo maana jirani amekula mpaka wako."

Baba alitaka kucheka, sauti ikamgeukia njiani.

Nilimwambia mama kwamba ni kosa langu. Nilimwambia niliiogopa kamba, niliona ni uchuro, nikachagua gari kwa hofu. Niliyasema huku nimeshika mito yangu miwili isiyo na maana.

"Uchuro," alisema. Alifumba macho, akayafumbua. "Mwanangu, mimi najua ninakokwenda. Baba yako alitaka nifike nimenyooka. Basi." Kisha akasema, "Ninyoosheni miguu. Tafadhali."

Hilo neno tafadhali mama hakuwa akilitumia nasi. Alikuwa mtu wa kuamrisha.

Baba alikwenda kwenye usukani, akageuza gari polepole pale pembeni mpaka mgongo wake ukaelekea ziwani. Akarudi, akailaza ile nusu ya chini ya mlango, ikatulia bapa kama meza ndogo. Tukaitoa mito. Tukamnyoosha mama, kwanza mguu mmoja, kisha mwingine, na visigino vyake vikafika juu ya ule ubao, nje kabisa, upeponi. Aliachia pumzi ndefu. Nilimwinua kichwa kwa mkono wangu. Kati ya vidole vyake vya miguu lilikuwepo ziwa.

Alilitazama mpaka mkono wangu ukafa ganzi, nami sikuuondoa.

"Twende hivi hivi," alisema.

Tukaenda hivi hivi. Kioo juu, ubao chini, mimi nimekaa sakafuni nyuma kabisa nimeishika miguu yake isiteleze, baba anaendesha kama anayebeba mayai. Shangingi letu la kiyoyozi likageuka pikapu. Upepo wa joto ukaingia, ule unaoanza kukupiga usoni ukikaribia chini, na baada ya Mbamba Bay, tulipoiacha lami, likaingia vumbi lote ambalo nililikwepa. Liliikalia kanga ya njano na nyusi za mama. Alilamba mdomo akasema hilo ndilo vumbi la kwao, lina chumvi. Halina chumvi, ni ziwa la maji baridi lile, lakini nani angembishia.

Na watu walisimama.

Nilikuwa nimesahau kwamba wangesimama. Waliona gari linalokwenda polepole, nyuma wazi, miguu miwili imenyooka ndani ya kanga, binti ameikumbatia. Wanawake waliokuwa wakigeuza usipa kwenye vichanja waliacha, wakafunga mikono vifuani. Wanaume kibandani waliinuka. Kile nilichokikimbia uwanjani kwa dalali kilikuwa kimetufuata mpaka ziwani, na mimi ndiye niliyeishika miguu. Nilitaka kupiga kelele kwamba yuko hai.

Mzee mmoja mwenye baiskeli alishuka, akaiegemeza kwenye nyonga, akavua kofia na kuinamisha kichwa. Tulimpita karibu sana. Mama akainua mkono kutoka godoroni.

"Vaa kofia, baba," alimwambia. "Jua kali."

Baiskeli ilianguka. Nilimwona yule mzee akizidi kuwa mdogo nyuma yetu, kofia mkononi, mdomo wazi, kisha akainua ile kofia na kuipunga. Mama alicheka, kicheko kilichomuumiza, akashika ubavu. "Heshima zangu nimezipokea mwenyewe," alisema. "Wengine hupokelewa na ndugu." Baada ya pale kila waliposimama aliwapungia, na kila alipopunga watoto walikimbia na wanawake wakapiga vigelegele vya hofu na furaha kwa pamoja. Tuliingia Chiwanda tukifuatwa na watu kama harusi.

Mama mkubwa alikuwa ameketi kwenye mkeka mbele ya nyumba. Walimshika mkono wakamleta nyuma ya gari, na kwa kuwa miguu ndiyo iliyokuwa mbele, vidole vyake viliikuta miguu kwanza. Alipapasa nyayo, akapapasa kidole gumba kile chenye kovu la jembe.

"Hii ni miguu ya mdogo wangu," alisema. "Ina vumbi. Umekuja kwa miguu?"

"Shikamoo, dada. Nimekuja kwa gari."

"Marahaba. Gari la nani?"

Mama aligeuza mkono, akapiga kwa kiganja ukuta wa ndani wa gari, mara moja, hakuwa na nguvu ya mara mbili. "Mmatengo," aliita. "Hili ndilo lako?"

Baba alikuwa bado ameshika usukani.

"Ndilo langu," alisema.

Mama aliishi siku kumi na moja. Kitanda chake tulikiweka chumba cha upande wa maji, na mama mkubwa alilala kwenye mkeka chini, mkono wake juu, umeshika wa mdogo wake. Waliongea Kinyasa kwa sauti ndogo na mimi sikuelewa nusu, kwa sababu nyumbani kwetu Kiswahili kilishinda lugha zote mbili. Siku moja kabla ya mwisho, akili yake ikiwa safi, alituita mimi na baba. Alisema mazishi yasiwe na mambo mengi. Alisema pia, "Nimeshapimwa. Asinipime mtu mwingine."

Alifariki asubuhi, mitumbwi ikirudi.

Simu zilipigwa kutoka milimani. Wajomba wa baba na kaka zake walisema mke huzikwa kwa mume, apandishwe Mbinga, kaburi litachimbwa karibu na la mama mkwe wake. Baba aliwasikiliza wote mpaka mwisho, mmoja mmoja, akisimama kwenye mchanga. Kila mmoja alimjibu jambo moja. "Niliahidi kumrudisha kwao. Sikuahidi kwenda na kurudi."

Seremala alikuja kabla ya mchana na ufito wake wa kupimia. Baba alimzuia mlangoni, akatoa kamba mfukoni. Ilikuwa imekunjwa vile vile. Seremala aliipokea kwa mikono miwili, akaenda kuilaza juu ya mbao uani, fundo kwa fundo, kisha akarudi na kuongea kwa adabu, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na wafiwa.

"Mzee, nimemwona marehemu. Ugonjwa umempunguza. Nikifuata hii, itazidi."

"Izidi," baba alisema. "Njiani alikunjwa."

Hakunitazama aliposema. Najua hakukusudia kunigusa. Alikuwa anamweleza fundi kazi, kama vile angemweleza urefu wa kenchi za paa. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba, nikakaa kwenye mchanga ambako ubao wa shangingi ulikuwa bado umelazwa, hakuna aliyeufunga tangu tulipofika, na kuku walikuwa wameshauzoea wakipanda na kushuka. Misumari ilianza kugongwa. Niliihesabu mpaka nikashindwa.

Tulirudi milimani siku ya nne baada ya mazishi, sisi wawili tu. Nilifuta vumbi, nikainua ubao, nikashusha kioo, nikafunga. Godoro tuliliacha kwa mama mkubwa. Viti vya nyuma nilivisimamisha, vikaingia mahali pake kwa mlio mmoja laini, kana kwamba hakuna kitu kilichowahi kulazwa pale. Mimi nilikaa mbele.

Kwenye njia ya vumbi hatukusikia mashimo. Kwenye lami hatukusikia chochote kabisa. Hakuna aliyesimama barabarani. Tulipofika kwenye ile kona baba hakupunguza mwendo, na wala sikugeuka kutazama nyuma, ila niliona kwenye kioo cha pembeni buluu ile ikikaa kidogo, kisha ikawa mti, kisha ikawa mlima.

Baada ya muda mrefu baba alipitisha kiganja juu ya dashibodi, akifuta vumbi ambalo halikuwepo.

"Ni kweli," alisema. "Haliruki kama mbuzi."